Hewa ya Kyela na Kifua cha Mtoto



Jumatatu iliyopita, mara baada ya Misa ya asubuhi, baba mmoja wa kigango chetu cha mbali alitukuta mlangoni pa sakristia akiwa ameshika bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na hati ya mauziano ya shamba, ekari mbili na nusu za viazi na pareto, nayo ilikuwa bado haijatiwa sahihi. Mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 9, ana pumu. Tangu baridi ya Juni mtoto huyo hajalala usiku mzima hata mara moja. Majirani, ndugu, hata muuza duka la dawa, wote wamemwambia baba yake neno lilelile: mteremshe mtoto Kyela, hewa ya joto itamfungua kifua. Mnunuzi wa shamba amekwisha kupatikana. Alichokuja kutuomba ni baraka ya safari na, kama alivyosema mwenyewe kwa unyenyekevu, "neno moja tu la Baba Paroko ili moyo utulie."

Neno hilo hatukumpa. Tulimwomba arudi Alhamisi pamoja na mama wa mtoto na mtoto mwenyewe, naye akaondoka na uso wa mtu aliyenyimwa maji kisimani. Hakujua, nasi hatukuwa na ujasiri wa kumweleza pale mlangoni, kwamba swali hilohilo tuliwahi kuulizwa na mama mwingine mwaka 2014, tukalijibu kwa dakika tano, kwa uhakika mkubwa, na kwa makosa.

Hatuna budi kuanza na kifua chetu wenyewe, maana ndicho kilichotudanganya.

Tulizaliwa Kilolo, mkoani Iringa, katika vilima ambako ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka na watoto huenda shule wakiwa wameficha mikono ndani ya masweta. Wasomaji wetu wa Nyanda za Juu Kusini hawahitaji kuelezwa maana ya Juni na Julai. Usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na hapo ndipo kifua chetu kilipokuwa kikianza kulia filimbi. Mama yetu mzazi alikuwa akichemsha majani ya mkaratusi na kutufunika blanketi juu ya sufuria ili tuvute mvuke. Kisha jiko la mkaa lililetwa chumbani tupate joto, mlango ukafungwa, na dirisha likazibwa kwa gunia. Leo tunafahamu kwamba hewa ya jiko lile ilikuwa ikitudhuru pengine kuliko baridi yenyewe, na kwamba wapo watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa wasiamke tena. Wakati ule tuliona ni upendo, na kwa hakika ulikuwa upendo.

Wazazi wetu walipohamia Uyole, Mbeya, tulibadilisha mkoa bila kubadilisha mwinuko. Mji wa Iringa uko takriban meta 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya iko kama meta 1,700. Iringa ina kiangazi kirefu na upepo wenye vumbi kuanzia Agosti hadi mvua zinapokaribia. Mbeya ina mvua nyingi zaidi, na baridi yake haina simile. Kifua kilibana kote kuwili.

Mwaka 2005 tulitumwa Dar es Salaam kwa masomo ya teolojia. Basi liliteremka mlima Kitonga, likapita Ruaha Mbuyuni, na abiria wakaanza kufungua madirisha mmoja baada ya mwingine. Koti likavuliwa, sweta likafuata. Usiku wa kwanza tulilala bila filimbi. Wa pili vivyo hivyo. Ukapita mwezi, ikapita mitatu, ikapita mitano. Tulimwandikia mama barua kwamba tumepona, na kila mwenzetu aliyekuwa tayari kusikiliza tulimweleza habari ya muujiza wa hewa ya pwani. Vidonge vyetu vya salbutamol tuliviacha sandukuni mpaka tarehe yake ikapita.

Lakini ndani ya sanduku hilohilo mama alikuwa ametufungia blanketi zito la sufu. Ni nani ajifunikaye blanketi la sufu Dar es Salaam? Tulilikunja mara mbili, tukalitandika chini ya shuka, maana godoro letu lilikuwa jembamba na blanketi lilikuwa kumbukumbu ya nyumbani. Likakaa hapo, halikuanikwa wala kufuliwa. Masika ya mwaka 2006 yakaingia. Shuka zilikuwa hazikauki, viatu vya ngozi viliota ukungu mweupe chini ya kitanda, na vitabu vilinuka uvundo. Usiku wa Jumatano Kuu tuliamka tukiwa hatuwezi kutoa pumzi. Wasio na pumu hudhani kwamba mgonjwa hushindwa kuvuta hewa, lakini shida kubwa zaidi huwa ni kuitoa ile iliyokwisha kuingia. Wenzetu wawili walitubeba mpaka kwenye teksi.

Daktari aliyetupokea hakuuliza neno juu ya hali ya hewa. Kifua kilipotulia alituuliza swali moja: "Frateri, unalalia nini?"

Tulimweleza habari ya blanketi. Akacheka kidogo, bila dharau, kisha akatueleza habari za mdudu ambaye hatukuwahi kumsikia katika miaka yetu yote ya kuugua.

Mdudu huyo ni utitiri wa vumbi la nyumbani. Ni mdogo mno, urefu wake ni kiasi cha theluthi moja ya milimita, hivyo kwa macho matupu ni kana kwamba hayupo. Chakula chake ni magamba ya ngozi yetu yanayopukutika tulalapo. Hanywi maji kama viumbe wengine, bali hufyonza unyevu kutoka hewani. Hewa ikiwa kavu, unyevu wake ukashuka chini ya asilimia 50 na kukaa hivyo kwa muda mrefu, mdudu huyu hukauka na kufa. Hewa ikiwa na joto la kadiri na unyevu mwingi, huzaana katika godoro, mto na blanketi. Hang'ati wala haumi. Kinachowaletea wengi mzio ni kinyesi chake, ambacho hupeperuka kila ugeukapo kitandani na kuingia kifuani. Katika nyumba yenye unyevu ana majirani wawili wenye kazi kama yake: kuvu za ukutani na mende.

Tulipoyaelewa haya, barua tuliyomwandikia mama ilitutia aibu. Hewa ya baridi iliyo kavu hunyang'anya njia za hewa unyevu wake, na katika kifua chenye pumu njia hizo husinyaa. Ukimwondoa mgonjwa kwenye baridi na kumweka penye joto na unyevu, adha hiyo huondoka siku ileile, na ndiyo sababu watu wengi wenye pumu huvumilia zaidi mazoezi ya kuogelea kuliko mbio za asubuhi penye baridi. Nafuu hiyo ni ya kweli, wala mtu asiikejeli. Lakini utitiri, kuvu na mende hawaji siku ileile. Huhitaji muda wa kuongezeka, na mwili nao huhitaji muda wa kuanza kuwakataa, pengine miezi, pengine miaka. Katikati ya nafuu na kurudi kwa ugonjwa kuna kipindi kitamu, na ni katika kipindi hicho ambapo watu hutoa ushuhuda. Sisi tuliutoa wetu mwezi wa tano, na muda wote huo blanketi lilikuwa likijaa.

Msomaji mmoja aliwahi kutulaumu kwa kupenda mno habari za mbali. Atuvumilie leo, maana zipo tatu ambazo zimetusaidia sana.

Ya kwanza ni ya Davos, mji wa milimani nchini Uswisi. Mwinuko wake ni takriban meta 1,560, yaani karibu sawa na Iringa mjini. Kwa miongo mingi wagonjwa wa pumu kutoka Uholanzi, nchi tambarare yenye unyevu, walikuwa wakipandishwa huko kutibiwa, na watafiti walikuta kwamba katika hewa ile kavu ya mlimani utitiri ni wachache mno. Basi, wenzetu walikuwa wakipanda mlima kutafuta nafuu ileile ambayo sisi tunaiteremkia Kyela! Tofauti ni kwamba waliofika Davos walilazwa katika vyumba vikavu, vyenye joto na visivyo na moshi, chini ya uangalizi wa madaktari. Sisi tunao mlima, ila chumbani tumeweka jiko.

Ya pili ni ya watu wa Fore, wakazi wa nyanda za juu za Papua New Guinea. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 pumu ilikuwa nadra sana kwao. Baada ya kama miaka kumi, takriban watu wazima 7 katika kila 100 walikuwa nayo. Watafiti walioandika habari zao mwaka 1985 waliupata utitiri kwa wingi katika mablanketi ambayo wanavijiji walikuwa wameanza kuyatumia. Hawakuhama hata hatua moja. Blanketi ndilo lililohamia kwao. Tulipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza tuliinua macho tukatazama kitanda chetu.

Ya tatu ni fupi. Huko Arizona, Marekani, jangwa lilisifiwa kuwa dawa ya vifua, na madaktari wakawatuma wagonjwa huko kwa wingi. Wahamiaji walipanda miforsadi, mizeituni na majani ya bustani, chavua yake ikaenea, na mafua ya mzio yakawarudia. Katika miaka ya 1980 mamlaka za eneo la Tucson zilipiga marufuku uuzaji wa baadhi ya miti hiyo.

(Tukitaja chavua, ndugu zetu wa Mufindi watatuuliza juu ya ule unga wa njano wa misonobari unaotanda juu ya madimbwi. Chembe zake ni kubwa na kwa kawaida si mkosaji mkuu. Chavua ya majani, isiyoonekana, huwasumbua watu zaidi.)

Sasa turudi mwaka 2014, sehemu ambayo tungependa kuiruka.

Mama yule ni mjane, mwanachama wa WAWATA, aliyekuwa akiishi pembezoni mwa jiji la Mbeya na binti yake wa miaka 8. Binti alikuwa na pumu, na kila Juni walilala hospitali. Mama alikuja kutuuliza kama ahamie Kyela, alikokuwa na binamu. Mtu anaweza kushangaa jinsi gani sisi, tuliokwisha kufundishwa na blanketi, tulijibu kama tulivyojibu. Sababu ni kwamba baada ya usiku ule wa Jumatano Kuu tulilitoa blanketi, tukaanza kutumia inhela kama tulivyoagizwa, na miaka yetu iliyobaki Dar es Salaam ikawa ya amani. Kumbukumbu ikachagua ilichokipenda. Ilihifadhi joto, ikasahau inhela. "Mama, mteremshe mtoto," tulimwambia. "Sisi wenyewe tulipona kwa joto." Tukaweka mikono juu ya kichwa cha mtoto, tukawabariki.

Aliuza nyumba yake ya vyumba viwili na banda la nguruwe. Walipita Tukuyu, wakateremka kati ya migomba hadi kwenye mikakao na mashamba ya mpunga ya Kyela, ambako ziwa Nyasa liko chini ya meta 500 kutoka usawa wa bahari. Kwa safari ya saa chache tu walikuwa wameshuka zaidi ya meta 1,000. Baada ya mwezi mama alitupigia simu akicheka: "Padre, mtoto anakimbia!" Nasi tukafurahi, tukaitumia habari hiyo katika mahubiri. Inhela ikaachwa, maana mtu aliyepona anatafuta nini kwenye dawa?

Mwezi wa tatu mtoto akapata malaria kali. Hilo hatukuwa tumelifikiria hata kidogo. Mtoto aliyekulia kwenye baridi ya Mbeya, ambako mbu wa malaria ni wachache, huteremka bondeni akiwa hana kinga waliyo nayo wenzake waliozaliwa huko. Akapona. Kisha zikaja mvua za Machi na Aprili 2015, nanyi mnaojua mvua za Kyela mnajua hazinyeshi kwa adabu. Chumba walichopanga kilikuwa na ukuta uliopanda maji kutoka chini, ukawa mweusi kwa kuvu mpaka usawa wa kitanda. Upande wa pili wa ua palikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, na vumbi la pumba liliingia mchana kutwa. Siku nyingine, alitusimulia mama, wingu la vijidudu wasiouma lilipanda kutoka ziwani mfano wa moshi na kuingia mpaka ndani ya vyungu. Wakazi wa huko wamewazoea, tena wapo wanaowala. Hata hivyo nchini Sudan, kandokando ya mto Nile, madaktari walikwisha kuandika juu ya vijidudu wasiouma wa majini waliowaletea watu pumu.

Usiku mmoja wa Aprili kifua cha binti kikafunga. Inhela iliyokuwako ilikuwa tupu. Walisafiri kwa bodaboda, mama nyuma, mtoto katikati, katika mvua, na mahali pawili ilibidi washuke wavuke maji kwa miguu. Midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka rangi walipofika hospitali. Alikaa kwenye oksijeni siku nne.

Mwenyezi Mungu apewe sifa, aliishi. Lakini alirudia darasa, na mama alirudi Mbeya bila nyumba na bila nguruwe, akapanga chumba kimoja. Siku alipofika ofisini kwetu kutuaga rasmi na Kyela, kama alivyosema, tulijaribu kuomba radhi. Alitukatiza: "Baba, ulitutakia mema." Hakuwahi kulitaja jambo hilo tena. Laiti angetugombeza.

Alhamisi ilipofika, yule baba wa bahasha alikuja na mkewe na mtoto. Safari hii hatukuuliza juu ya hewa. Tulimgeukia kijana mwenyewe, tukamuuliza swali la daktari wetu wa mwaka 2006: unalalia nini?

Analala na kaka zake wawili juu ya godoro la sponji ambalo lilinunuliwa kabla hajazaliwa. Chumbani humo ndimo yanamohifadhiwa magunia ya mahindi na viazi, na usiku kuku huingizwa humo kwa kuogopa wezi. Jiko la kuni limetenganishwa na chumba kwa ukuta usiofika juu. Baridi ikizidi, mkaa huletwa ndani. Kifua humbana zaidi baada ya mafua, na wakati wa kupukuchua mahindi. Alipokwisha kueleza, mama yake alikuwa ameinamisha kichwa. Tukamwambia asione haya, sisi tumekulia katika chumba hichohicho.

"Na inhela?" tuliuliza. Hapo ukawa mjadala mrefu. Walikwisha kupewa moja, ya bluu, hospitalini, wakaificha. Walisikia kwamba inhela ni dawa ya hatua ya mwisho, kwamba mtoto akiizoea hataiacha, na kwamba inadhoofisha moyo. Ndugu wapendwa, imani hii inaua watu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 pumu ilichukua maisha ya watu 455,000 duniani, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, mahali ambapo ugonjwa hautambuliwi mapema au dawa hazitumiki ipasavyo. Dawa inayovutwa huenda moja kwa moja kifuani kwa kipimo kidogo, ilhali kidonge huzunguka mwili mzima kwanza, na ndicho chenye kuutikisa moyo na mikono zaidi.

Na hata hiyo ya bluu haitoshi peke yake. Inafungua njia kwa saa chache, lakini haigusi uvimbe ulio ndani. Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, ujulikanao kama GINA, ulibadilishwa ukasema wazi kwamba watu wazima na vijana wasitibiwe kwa dawa ya kufungua njia peke yake, bali wapewe na ile ya kutuliza uvimbe. Watoto wadogo wana utaratibu wao, ambao ni kazi ya daktari kuupanga. Sisi ni mapadre, hatuandiki dawa. Tuliandika barua tu kwa daktari wa kliniki ya kifua, tukaomba familia ipokewe juma lijalo.

Kwa kuwa mtoto hakuweza kuvuta dawa sawasawa kutoka kwenye kopo, tulimwita sista muuguzi wa zahanati. Alichukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, akaitoboa kitako kwa waya wa moto, akapima mdomo wa inhela mpaka ukaingia na kubana. Dawa hupulizwa ndani ya chupa, na mtoto huivuta taratibu kwa upande wa mdomo wa chupa, pumzi moja baada ya nyingine. Tusidhani ni ubabaishaji wa kimaskini, maana watafiti wa Cape Town walionesha mwaka 1999 kwamba chupa ya namna hiyo, ikitengenezwa vema, huwasaidia watoto waliobanwa na pumu sawa na kile kifaa cha dukani. Kijana alihesabu pumzi zake kwa sauti, akachanganya hesabu, akacheka, akarudia.

Baba alisikiliza yote. Kisha akauliza kwa upole, lakini kama mtu asiyekubali kupotezewa safari: "Kwa hiyo Baba, Kyela ni vibaya?"

La hasha. Wapo waliohama wakapata nafuu ya kudumu, hasa ambao adui yao mkubwa alikuwa baridi na si vumbi la kitandani. Na wapo wanaolazimika kuhama kwa kazi, ndoa au masomo, kama sisi tulivyotumwa. Tulimwambia tu ambacho tungependa tuwe tulimwambia mama yule. Kwanza kliniki, dawa, godoro jipya au hili la zamani lianikwe juani mara kwa mara, mablanketi yafuliwe kwa maji ya moto, na mahindi, kuku na mkaa vitoke chumbani. Vitu hivi havimgharimu shamba. Miezi ikipita na mtoto bado anateseka, basi ampeleke kwa binamu kutembea, akiwa na inhela yake na chandarua, tena ampeleke wakati wa mvua. Kila mgonjwa hujisikia vizuri Kyela mwezi wa Agosti. Aulize habari za Kyela mwezi wa Aprili. Na hata kama Aprili itampendeza, dawa isiachwe bila neno la daktari, wala shamba lisiuzwe kwa sababu ya miezi miwili mizuri.

Tulimtafuta pia mama yule wa mwaka 2014, tukamwomba ruhusa ya kuyaandika haya bila jina. Aliiridhia pamoja na binti yake, ambaye sasa ni mwanamwali anayesoma chuo na hatembei bila inhela mkobani. Mama aliongeza sharti moja: tuandike kwamba Kyela ni kuzuri, wali wake hauna mfano, na watu wake walimbeba mwanawe kuvuka maji usiku ule bila kudai hata senti. Tumeandika.

Kuna mambo mawili ya parokia. Akina mama wanaofagia kanisa Jumamosi tunawaomba wanyunyize maji kwanza na kufungua milango yote miwili, maana wanaoketi mbele Jumapili huimba Utukufu kwa kukohoa. Na kuhusu ubani, baadhi yenu mmegundua kwamba katika sherehe kubwa Paroko hutoweka kidogo nyuma ya chetezo. Si ibada ya pekee, ni kifua. Watumikiaji wameagizwa wapunguze makaa, na wenye pumu wasione haya kuketi karibu na mlango wa pembeni, ambako hewa ni nzuri na sisi wenyewe tungeketi kama tungeruhusiwa.

Familia ile inakwenda kliniki Jumanne. Mnunuzi ameambiwa asubiri, naye, tunasikia, hakufurahi. Bahasha ya kaki baba ameiacha kwetu ili isimjaribu nyumbani. Tumeiweka kabatini, kando ya vitabu vya ubatizo.